Siku tano Dodoma na kopo la picha za babu

Siku ya kwanza, Jumatano

Babu yangu alikuwa akitoka Dar es Salaam jioni na kuingia Dodoma kesho yake asubuhi. Alikuwa gadi, amesimama behewa la mwisho na bendera zake mbili na taa ya mafuta. Mimi leo nimetumia saa tatu na ushee, miguu imenyooka, na chai niliyoinunua sijaimaliza. Reli yake ina upana wa milimita 1,000. Ni ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Hii yangu ni ya milimita 1,435, inakwenda kwa umeme, na imeanza kuleta abiria Dodoma Julai 2024. Mara mojamoja ile ya zamani inatokea dirishani, nyembamba kama njia ya mbuzi, kisha inapotelea vichakani.

Mapajani nimepakata kopo la biskuti la bluu lililochubuka rangi. Lilikaa miaka mingi chini ya kitanda cha bibi kule Tabora, likahamia Dar kwa baba, na mwaka jana baba akanikabidhi akisema, "Wewe ndiye unayependa kuchokonoa ya zamani." Ndani mna picha 41. Nyingi ni ndogo, nyeusi na nyeupe, zina ukingo mweupe uliokatwa menomeno. Nyuma ya karibu kila moja babu ameandika kwa penseli majina ya waliomo, na mara nyingine mwaka. Mahali hakuandika hata mara moja. Labda aliona hakuna haja. Nani asingejua stesheni ni wapi?

Nimekuja kutafuta mahali pa picha sita tu.

Nakala ninazo kwenye simu, nimezipiga mwenyewe. Mwaka jana nilipeleka picha nne kwa studio moja zikasafishwe. Zikarudi tatu, na moja ikiwa na alama ya gundi usoni kwa bibi. Tangu hapo sipeleki popote. Naiweka picha mezani karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, bila flashi, simu nimeilaza sambamba nayo. Halisi nimezibeba pia, kwa sababu wazee hawataki kuonyeshwa simu. Mzee anataka karatasi aishike, aisogeze machoni, kisha aigeuze asome nyuma.

Shangazi anakaa Makole. Tulipomaliza kula alitandika mkeka nami nikazipanga picha juu yake. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akacheka alipojikuta ana miaka mitano hivi, amevaa gauni la harusi ya mtu mwingine. Lakini ile ninayoitaka kuliko zote hakuweza kunisaidia: babu, bibi na baba yangu akiwa mchanga, wamesimama chini ya mti, nyuma yao kibanda na vilima viwili. Nyuma imeandikwa "Mimi, mama na mtoto, 1959".

"Mimi sikuwa nimezaliwa," akasema. "Hiyo si Kilimatinde?"

Nikampigia baba. Baba akasema ni Manyoni, na akalisema kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Alikuwepo kweli, ila alikuwa na miezi minne.

Siku ya pili, Alhamisi

Julai hapa ina baridi asubuhi na upepo mchana kutwa. Nilivaa sweta la shangazi nikaenda stesheni ya zamani.

Picha ya kwanza ni ya wanaume saba mbele ya behewa, 1962, majina saba nyuma. Nilimwomba ruhusa mfanyakazi wa zamu. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akasema nisubiri. Akarudi na mzee mstaafu aliyekuwa akipiga soga nje na wenye bodaboda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mjukuu. Lete hiyo."

Nilidhani ninaijua picha ile. Mzee alinifundisha kwamba nilikuwa nimeiangalia tu. Alianza na nguo. Mwenye koti lenye vifungo vya kung'aa na kamba ya filimbi ni gadi, naye ndiye babu. Mwenye masizi hadi kwenye nyusi ni faya, mchochea moto wa injini ya mvuke. Wawili wa pembeni hawana viatu, hao ni wa genge, watengeneza njia. Na yule aliyesimama katikati mikono nyuma, kaptula imepigwa pasi ikasimama? "Huyo ni karani," akasema. "Karani hakosi kusimama katikati." Kisha akagusa herufi za behewani: ni za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lililoundwa 1948, Kenya, Uganda na Tanganyika zikiwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na reli yake, na mabehewa yakapakwa majina mapya.

Kuhusu mwezi ambao picha ilipigwa nilijibu mimi, nikajiona nami nimo. Dodoma iko nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta. Kwa hiyo katikati ya mwaka jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini na vivuli vinaangukia kusini. Desemba ni kinyume chake. Tulisimama walipokuwa wamesimama wale saba, nikafungua dira ya simu, na vivuli vifupi vya kwenye picha vikaangukia kusini. Basi ilikuwa karibu na saa sita mchana, kati ya Aprili na Septemba, na kwa makoti yale nadhani ni msimu huu huu wa upepo. Mzee akasema ni kweli, lakini hata bila jua angejua. "Tazama mdomo wa karani ulivyopasuka."

Kupata pale pa kusimama ni kazi ya kusogea. Unachagua kitu cha karibu na kitu cha mbali ambavyo bado vipo, mathalani pembe ya paa na kilele cha kilima, kisha unakwenda kushoto na kulia mpaka vikae kama vilivyokaa kwenye picha. Halafu unasonga mbele na nyuma mpaka ukubwa wao ulingane. Ilinichukua nusu saa. Nilipopapata palikuwa na kreti za soda, na mwenye kreti akazisogeza bila kuniuliza chochote.

Picha ya pili ni ya Uhindini: duka lenye baraza pana, fundi cherehani amekaa barazani, na kibao ambacho nusu yake imefichwa na nguo zinazoning'inia. Nilipita barabara zile za namba, ya sita, ya saba, ya nane, huku nikiinua macho, maana dukani chini kila kitu kimebadilishwa, lakini ghorofani na kwenye mapambo ya ukuta mara nyingi hakuna aliyehangaika. Baraza za namna ile zimebaki chache. Nilipata tatu zinazofanana, nikashindwa kuchagua. Kwenye mojawapo kulikuwa na fundi cherehani. Nilitamani sana iwe ndiyo hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo sikuandika.

Usiku nilikaa na simu nikitazama picha za kale zaidi, za zama za Wajerumani. Nyingi zinapatikana bure. Hazina ya nyaraka ya taifa la Ujerumani iliweka mtandaoni picha karibu 100,000 mwaka 2008, zikiwemo za Walter Dobbertin, mpiga picha aliyezunguka koloni hili na kamera kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hiyo. Ni picha safi, unaweza kuhesabu shanga shingoni mwa mtu. Lakini soma maelezo yake: "askari", "hamali", "mwanamke wa Kigogo". Mjerumani akiwemo, ana jina na cheo. Nikachukua ile ya stesheni nikaigeuza. Majina saba, pamoja na ya wale wawili wasio na viatu. Babu alisoma hadi darasa la nne.

Wale wa picha za Wajerumani nilishindwa kuacha kuwafikiria. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, Mwafrika Kusini aliyepigana upande wa Waingereza, yaliingia Dodoma, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliipa jina Mtunya, 1917 hadi 1920, na watu wakafa kwa maelfu mengi. Msichana aliyepigwa picha mwaka 1912 akicheka huenda alikufa 1919. Hatuwezi hata kuuliza, kwa sababu hatujui tuulize habari za nani.

Siku ya tatu, Ijumaa

Leo nimechoka na sina mengi mazuri.

Asubuhi ilianza vyema. Picha ya tatu ni ya baba mkubwa akiwa na wanafunzi wenzake Mazengo, miaka ya sabini, suruali zina mdomo mpana kama kengele. Shule ile ilianza ikiitwa Alliance, baadaye ikapewa jina la Mazengo, mtemi mashuhuri wa Wagogo aliyekuwa na makao yake Mvumi. Sasa hakuna tena Mazengo ya sekondari. Tangu 2007 majengo yale ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Mlinzi alinipokea vizuri, akanipatia mwanafunzi wa kunitembeza, na yule kijana aliitambua miti kabla yangu. Tulisimama. Nikampigia baba mkubwa kwa video. Kwanza aliuliza bweni lake liko wapi, halafu akanyamaza, halafu akauliza kama uji bado unanukia moshi. Kijana akamjibu, "Siku hizi tunajipikia wenyewe, mzee."

Baada ya hapo mambo yakaharibika. Nilitaka kupanda mahali pa juu niutazame mji na kuvilinganisha vilima vyote na vile viwili vya picha ya mti. Ukikaa Dodoma unavizoea: mawe yamerundikana kama mtu aliyekuwa akijenga akaitwa kula. Lakini vilima vinaonekana pale tu ambapo hakuna ghorofa, na ghorofa zimeota. Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie hapa, na mwaka huo huo ikaundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Ramani kuu ya mwaka 1976 ilichorwa na kampuni kutoka Toronto, Kanada. Miaka mingi mji ulikuwa ukisubiri. Kisha mwaka 2016 ikatangazwa kwamba serikali yote inahamia, CDA ikavunjwa 2017, Dodoma ikawa jiji Aprili 2018. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956, ile ya 2022 ikapita 760,000. Shangazi anasema zamani akitaka kujua mvua inatokea wapi alitazama vilima kupitia dirisha la jikoni. Sasa dirisha lile linatazama tangi la maji la jirani.

Basi nikaenda huku na huku. Mahali pamoja niliinua simu kupiga kilima, sikuona kwamba chini yake kuna lango la ofisi. Askari wa getini akanifuata mbio. Nikamwonyesha picha ya 1959, nikaeleza habari za babu, bibi na vilima. Akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa, kisha akasema, "Sawa dada, sasa futa." Nikafuta. Sina lawama, kazi yake ni ile. Ila kilima kile kilikuwa kinakaribia kufanana.

Kinakaribia tu. Hilo ndilo lililonitesa siku nzima. Kwenye picha kilima cha mbele ni kirefu, kimelala, na upande wa kushoto kinakatika ghafla kwa jabali. Cha nyuma kinachungulia upande wa kulia. Vilima viwili vikipishana hivyo ni bora kuliko alama yoyote: ukisogea hatua mia moja, pale cha mbele kinapokikata cha nyuma panahama. Nilikuta vinavyolala na vinavyokatika, lakini kila kinachokatika kilikatika upande usiotakiwa. Watu niliowauliza njiani walinipa majibu kwa uhakika mkubwa. Mmoja Imagi. Mwingine Mlima wa Simba. Wa tatu, muuza ubuyu, akaitazama kwa makini akasema, "Hii siyo Dodoma. Dodoma hakuna mlima kama huu."

Nikaanza kuamini kwamba baba yuko sahihi.

Siku ya nne, Jumamosi

Kongwa. Nilipanda basi dogo la asubuhi, nikashuka Mbande, nikachukua gari jingine. Katika stendi ya Mbande tuliposimama, mama mmoja alipitisha dirishani karanga za kukaanga kwenye vifuko. Nikanunua, kisha nikacheka peke yangu, na abiria wa pembeni akadhani nimecheka bei.

Picha ya nne ndiyo ya kale kuliko zote koponi. Babu ni kijana mwembamba wa genge, ameshika sururu, amesimama kwenye reli iliyonyooka katikati ya pori lililofyekwa. "Kongwa 1950", imeandikwa. Nilisema hakuandika mahali hata mara moja. Nilikosea, hii ndiyo pekee. Nadhani alijua kwamba Kongwa itasahaulika.

Kilichomleta babu kutoka Tabora ni mpango wa karanga wa Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa mamilioni ya ekari: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ndiyo ilianza. Zikaletwa trekta zilizokwishatumika, likaletwa hata lile lililoundwa kutokana na kifaru cha vita, wakalipa jina Shervick. Mibuyu ikakataa kung'oka. Udongo wa huku ukinyeshewa unakuwa tope, ukikauka unakuwa tofali, na karanga hukomaa ardhini. Wakati wa kuvuna ulipofika ardhi ilikuwa imefunga. Mwaka wa kwanza walikusudia ekari 150,000, zikapandwa zipatazo 7,500. Januari 1951 mpango ukafutwa, ukiwa umekula pauni zaidi ya milioni 30. Mgogo yeyote angeweza kuwaeleza habari za mvua za hapa. Wenyewe walilima mtama na uwele, wakafuga, na hawakuwa wavivu wa kufikiri.

Ili kubeba karanga hizo ilijengwa reli ya tawi kutoka Msagali kwenye reli ya kati hadi Kongwa. Karanga hazikuja, reli ikang'olewa. Hiyo ndiyo reli aliyosimama babu. Nilikuwa najua kwamba haipo. Nilichotaka ni kuona kama ardhi inaikumbuka.

Kijana wa bodaboda alinipeleka, akiwa na babu yake mwenyewe amempakia nyuma yangu, watatu kwenye pikipiki moja. Sishauri mtu afanye hivyo. Mzee alisalimia kila tuliyepishana naye, "Mbukwenyi!", huku ananishika bega nisidondoke. Alituonyesha tuta refu la udongo, limenyooka mno kuwa la asili, linakatiza mashamba na kuingia kwenye uwanja wa mtu. Watoto wanalitumia kama njia ya kwenda shule, mvua ikinyesha huko ndiko kukavu. Juu ya tuta nikaitoa picha, upepo ukanipokonya. Nilisikia moyo unaacha kupiga. Mtoto wa miaka kama minane alitimua mbio akaikanyaga kwa kisigino kabla haijafika kwenye miiba, akairudisha amejaa fahari. Babu sasa ana alama ya kisigino juu ya bega. Nimeamua kuiacha.

Kongwa haikulala baada ya karanga. Kuanzia miaka ya sitini palikuwa na kambi za wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini na wengine. Baadhi yao hawakurudi makwao, wamezikwa hapa. Mzee aliwakumbuka kwa mpira. Walikuwa wanacheza na vijana wa mjini, na kuna mmoja ambaye hakuna aliyejua jina lake la kweli, aliyepiga mashuti kwa mguu wa kushoto mpaka kipa akaomba kubadilishwa. Niliuliza kama kuna picha. Akanitazama kama mtu asiyeelewa. "Watu wa vita wanapigwa picha?"

Nilirudi Makole usiku, vumbi hadi masikioni. Shangazi alikuwa na mlenda na ugali wa uwele, na habari. Jirani yake anamfahamu mpiga picha wa zamani, yuko Chang'ombe, na kesho baada ya ibada yuko nyumbani.

Siku ya tano, Jumapili

Mzee huyu alianza kupiga picha akiwa kijana, enzi za chumba cha giza, na mikono yake bado inazishika picha kwa kingo tu, kama mtu anayebeba sahani ya mchuzi. Tulimkuta chini ya mwembe, kanzu nyeupe ya kanisani bado hajavua. Shangazi alisalimia kwanza, nami nikafuata. Hakutaka habari nyingi. Akaweka miwani, akapokea picha ya mti, akaitazama kwa muda ambao nisingeweza kuhesabu hata kumi.

"Binti, babu yako alikuwa anavaa shati la kike?"

Shangazi akashtuka. "Mzee!"

"Nauliza tu. Mfuko uko kulia." Akauonyesha kwa ukucha bila kuugusa. "Shati la kiume mfuko unakaa kushoto, upande wa moyo. Vifungo navyo vimegeuka. Aliyesafisha hii aliiweka negativu kinyume. Kuna giza mle ndani, una haraka, wateja wanasubiri, unailaza upande usio wake na mashine haikatai. Na mimi nimefanya, mara nyingi. Kama hakuna maandishi kwenye picha hakuna anayegundua."

Nilikuwa nimeibeba picha ile miezi minane. Nimekuza vilima, nimepima kibanda, nimehesabu matawi. Nyuma ya picha nimeisoma mpaka penseli imeanza kufifia. Mfuko wa shati la babu sikuwahi kuutazama.

Nikageuza nakala kwenye simu kwa kidole kimoja. Kilima kikakatika kulia. Mzee akachungulia, akasema, "Aa. Kikuyu hapo," kama mtu anayejibu salamu.

Tulikwenda naye kwa bajaji, shangazi amembebea fimbo. Njiani alitusimulia kwamba huko huko Kikuyu ndiko jina la mji lilikotoka. Tembo alishuka mtoni kunywa maji akazama kwenye tope, watu wakapiga kelele kwa Kigogo kwamba amedidimia, idodomya, na jina likabaki. Shangazi akasema yeye alisimuliwa tofauti: kwamba ni ng'ombe wa wizi, waliochinjwa na kuliwa, mikia ikachomekwa kwenye tope, wenyewe walipofika wakaambiwa ng'ombe wenu wamedidimia. Mzee akasema hiyo ni hadithi ya watu wanaotaka kuwachafua Wagogo. Shangazi akasema aliyemsimulia ni Mgogo. Wakabishana hadi tuliposhuka.

Mti haupo. Kibanda hakipo. Pana ukuta wa matofali, kijiwe cha bodaboda na mama anayekaanga maandazi. Lakini inua macho juu ya ukuta: kilima kirefu kimelala, kinakatika kulia kwa jabali, na cha nyuma kinachungulia kushoto. Nilikwenda kulia, nikarudi, nikavuka barabara, nikarudi tena hatua kama kumi, na pale cha mbele kinapokikata cha nyuma pakaja pakakaa. Nilikuwa nimesimama kando ya karai la mafuta ya moto, na mama wa maandazi akaniambia nitaungua.

Nilimuuliza jina la kilima. "Mlima," akasema. Una jina? "Sisi tunauita mlima."

Aliyepiga picha ile ya 1959 alisimama hapo karibu na karai. Babu, bibi na mtoto walikuwa mbele ya ukuta. Nikawaomba shangazi na mzee wasimame, na kijana mmoja wa bodaboda akajiunga bila kualikwa, akavua kofia, akaweka uso wa picha ya pasipoti. Nikapiga tatu. Kijana akataka nimtumie, akanipa namba yake na majina yake matatu, akinitajia moja moja nisikosee herufi.

Jioni nikatoa penseli. Chini ya mwandiko wa babu nikaandika kwa herufi ndogo: "Kikuyu, Dodoma. Imesafishwa kinyume." Picha ya sita, ya harusi, sijaigusa hata kidogo. Itasubiri. Na ya Uhindini bado ina majibu matatu.

Nikampigia baba kwa video. Nikamwonyesha ya zamani, nikaigeuza mbele yake, nikamwonyesha ya leo, kilima kwa kilima, jabali kwa jabali. Nikamweleza mfuko wa shati. Alitazama vizuri, akasogeza simu karibu na miwani, akaomba nirudie tena taratibu.

"Umefanya kazi nzuri, mwanangu," akasema. "Lakini hiyo ni Manyoni."